Swali la lugha: Tamasha la blugrasi, "mubashara" au "laivu"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi North Carolina, Marekani. Huku nimeupenda mno muziki unaoitwa bluegrass: banjo, mandolini, fidla, gitaa na besi kubwa ya kusimama, ngoma hakuna. Mwisho wa Aprili huwa nakwenda MerleFest, pale Wilkesboro, na nikirudi nawaandikia ndugu zangu wa Tanga kwenye kundi letu la familia. Safari hii niliandika hivi: "Nimetoka kwenye tamasha mubashara la majani ya buluu. Walicheza banjo hadi usiku. Mpiga fidla alipochukua breki, uwanja mzima ukasimama." Mjomba akauliza: uliangalia kwenye televisheni gani? Kama wao walikuwa wanacheza, nani alikuwa anapiga? Na huyo wa fidla kama alikwenda kupumzika, watu walisimamia nini? Nisaidie, mwalimu. Nataka nyumbani waonje ninachokiona huku. Mimi ni mkereketwa wa muziki huu.

JIBU: Marahaba. Mjomba wako ana sikio zuri. Sarufi yako haina kasoro, naye hakuikosoa. Aliuliza tu alichokiona kichwani baada ya kukusoma, na hakikuwa ulichokiona wewe uwanjani. Nianze na hilo la televisheni, maana linawasumbua wengi.

Neno mubashara limeshika kasi Tanzania kupitia vyombo vya habari. Mechi inarushwa mubashara, hotuba inatangazwa mubashara, mazishi ya mtu mashuhuri yako mubashara mtandaoni. Kabla yake tulisema moja kwa moja, na bado tunasema. Maneno yote mawili yanadai vitu vitatu: tukio, mtu aliye mbali na tukio, na chombo kinachomfikishia tukio hilo wakati uleule. Ukikiondoa chombo, neno halina kazi. Ndiyo maana mjomba aliposoma "tamasha mubashara" alikuona umekaa kwenye kochi. Najua wapo watakaosema kwamba katika Kiarabu asili ya neno hili ni kugusana, ngozi kwa ngozi, kwa hiyo lingemfaa zaidi aliye mbele ya jukwaa kuliko aliye sebuleni. Hoja hiyo ina uzito, lakini neno likishahamia lugha nyingine hufuata matumizi ya wenyeji wake wapya, na Waswahili wamelikabidhi hili kwa watangazaji.

Mtu aliyekuwepo ukumbini ana neno lake, nalo ni laivu. Wapo wanaolidharau kwa kuwa limetoka Kiingereza juzijuzi. Mimi silidharau. Wapenzi wa muziki wa dansi wamelitumia miaka mingi na wamelipa maana iliyonyooka: bendi ikipiga laivu, solo, rizimu, besi, tumba na sauti vyote vinatoka kwa watu waliosimama pale jukwaani. Kinyume chake ni pleibeki, pale msanii anaposhika maiki huku muziki, na mara nyingine hata sauti yake mwenyewe, ukitoka kwenye mashine ya didjei.

Tazama maneno hayo yanavyogawana kazi. Desemba 1945, mjini Nashville, Tennessee, Bill Monroe, mpiga mandolini wa Kentucky, alipanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho la muziki lililorushwa redioni, katika ukumbi wa Ryman akiwa na kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina aliyeitwa Earl Scruggs. Kijana huyo aliipiga banjo kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, noti zikimiminika bila pengo, kwa namna ambayo wengi wa waliokuwepo hawakuwahi kuisikia. Waliokaa kwenye mabenchi ya Ryman walimsikia laivu. Waliokaa majumbani na kuitegea redio WSM walimsikia moja kwa moja, au kwa Kiswahili cha leo, mubashara. Anayesikiliza sasa sahani walizorekodi 1946 na 1947 hamsikii kwa njia yoyote kati ya hizo mbili; anasikiliza rekodi. Usiku mmoja, banjo moja, na kila msikilizaji ana neno lake.

Pamoja na hayo, sentensi yako haikuhitaji neno lolote kati ya hayo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Anayesema "nimetoka kwenye tamasha" ameshasema kwamba alikuwepo na kwamba watu walikuwepo jukwaani. Ukitaka kulitia nguvu, Kiswahili kimekupa -ki-: "nilimwona akipiga", "tuliwasikia wakiimba". Kiungo hicho kidogo kinamweka msomaji pale pale, macho kwa macho na mpigaji, kuliko kivumishi chochote. Waliozoea kwenda Sauti za Busara kule Zanzibar, tamasha lililoanza 2004, wakirudi husema "nimemwona fulani akipiga", na hakuna anayewauliza kama walimwona kwa macho yao. Lete laivu pale tu unapolinganisha: "Albamu zao ninazo zote, lakini laivu ni habari nyingine." Hapo neno linafanya kazi, kwa sababu umeweka vitu viwili mezani.

Majani ya buluu yaache kabisa. Muziki huo haukupewa jina la nyasi, ulipewa jina la bendi. Kentucky ina lakabu inayotokana na nyasi zake: Bluegrass State, yaani Jimbo la Majani ya Buluu. Monroe, mzaliwa wa Rosine katika jimbo hilo, akaiita bendi yake Blue Grass Boys, na baadaye watu wakaanza kuuita mtindo wake kwa jina la bendi. Majina ya mitindo ya muziki huwa hatuyafasiri, tunayatohoa: jazi, rege, twisti, rumba. Kwa njia hiyohiyo sema blugrasi, kama ninavyoandika hapa, na ndugu zako watalizoea baada ya ujumbe wa pili au wa tatu.

Sasa kucheza na kupiga. Hapa nakiri kwamba nina msimamo mkali. "Kucheza gitaa" imeenea, hasa kwa waliojifunzia muziki kwenye vitabu vya Kiingereza, na hata katika kwaya zetu utasikia "mcheza kinanda". Lakini Kiswahili kimetenganisha vitendo hivi viwili muda mrefu, na kwa faida. Ala hupigwa: tunapiga zeze, marimba, gitaa, udi, filimbi. Anayecheza ni yule aliyenyanyuka kitini. Ndiyo maana kupiga ngoma na kucheza ngoma ni watu wawili tofauti, tena mara nyingi wanatazamana. Tunacheza rumba, tunacheza taarabu, tunacheza twisti. Kwa mantiki hiyo, "walicheza banjo" ni sentensi sahihi kabisa, ila maana yake ni kwamba banjo ilipigwa na wao wakainuka kuicheza.

Na wachezaji wa namna hiyo wapo hukohuko kwenye matamasha yako, bila shaka umewaona. Unawekwa ubao chini, mtu anavaa viatu vyenye vipande vya chuma kwenye soli, anasimama wima, mikono imelegea, na miguu inagonga mapigo ya banjo moja baada ya jingine. Ukishatumia kucheza kwa yule mwenye banjo, huyu mwenye viatu utamwitaje? Huo ndio utajiri ambao sitaki tuupoteze. "Walipiga banjo, watu wakaicheza hadi usiku": maneno machache, na uwanja mzima umeonekana.

Kama unaona kupiga ni neno butu kwa kazi ya vidole vya Scruggs, Kiswahili kina makali zaidi. Kuna kucharaza, neno la mtu anayefanya kitu kwa kasi na kwa ufundi. Kuna kukung'uta, ambalo wapenzi wa dansi wanalipenda kwa gitaa. "Aliicharaza banjo" inasimama vizuri sana. Kwa fidla, ijapokuwa inakerezwa kwa upinde, wana taarabu wamesema kupiga fidla siku zote, nami sioni haja ya kubuni kingine. Na ukitaka kusema wimbo wa ala moja umehamishiwa ala nyingine, tumia kwa: Doc Watson, yule mpiga gitaa asiyeona wa Deep Gap, alijulikana kwa kuzipiga kwa gitaa nyimbo za kasi ambazo kawaida hupigwa kwa fidla. Tamasha lako la Wilkesboro lilianza 1988 kwa kumkumbuka mwanawe, Merle, naye mpiga gitaa, aliyefariki 1985.

Kupiga kuna faida nyingine: kunaunganisha ala za kwetu na hiyo yako bila kubagua. Banjo si mgeni Afrika. Asili yake ni ala za nyuzi za Afrika Magharibi ambazo watu waliofanywa watumwa walivuka nazo bahari, wengi wakiwa nazo kichwani tu, wakaziunda upya kwa vibuyu na ngozi walivyovikuta huko. Akonting ya Wajola wa Senegambia ni ndugu yake wa karibu. Mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck alipozifuata nyayo hizo alifika mpaka Uganda na Tanzania, akapiga pamoja na Anania Ngoliga, Mtanzania, bingwa wa ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole. Ngoliga alipiga ilimba, Fleck alipiga banjo. Kitenzi kimoja kinawatosha wote wawili, na kila Mswahili anaona mikono ikifanya kazi.

Breki ndiyo iliyomchanganya mjomba kuliko yote, nami namwelewa. Kwa watu wa blugrasi, kuchukua breki ni kuingia mbele na kupiga sehemu yako huku wenzako wakikusindikiza chini. Kwetu breki ni ya gari, au ni mapumziko ya chai. Lakini jambo lenyewe tunalijua na lina jina: kupokea. Mwimbaji akimaliza beti, waitikiaji wanapokea. Katika taarabu sauti ikinyamaza, fidla inapokea. Kamusi zinalo hata kipokeo kwa kile kinachoimbwa na waitikiaji.

Neno hili linaifaa blugrasi mpaka nashangaa. Zitazame zile bendi zinazopenda kutumia maiki moja tu katikati ya jukwaa. Mwimbaji anamaliza mstari na kurudi nyuma nusu hatua. Mpiga fidla anapenya kwa bega, upinde umeinuliwa usimguse mtu jichoni, anaisogeza fidla karibu na maiki na kuanza. Mwenye mandolini amerudi pembeni, anakata mapigo makavu katikati ya mapigo ya besi, kazi ambayo bendi nyingine humwachia mpiga ngoma. Kabla fidla haijamaliza, banjo imeshainama kuingia. Wanapishana, hawagongani, na hakuna aliyepoteza pigo. Kila mmoja akimaliza, watu wanapiga makofi bila kungoja wimbo uishe. Kwa hiyo andika: "Fidla ilipopokea, uwanja mzima ukasimama." Ukitaka kuonyesha walivyofuatana, sema "walipokezana: fidla, mandolini, kisha banjo". Ukitaka kuonyesha miguu yao, sema "walipishana kwenye maiki". Mjomba hatauliza tena walisimamia nini.

Neno moja umelitumia vizuri bila kuuliza, nalo ni tamasha. Usiku mmoja wa bendi moja ukumbini mimi ningeuita onyesho, na vijana wangeuita shoo. Tamasha ni mkusanyiko mkubwa, bendi nyingi, aghalabu siku kadhaa. Blugrasi yenyewe iliishi kwa maonyesho miaka mingi, na kwa redio, hadi Septemba 1965, pale Carlton Haney, mwandaaji wa maonyesho ya muziki, alipowakusanya wanamuziki na mashabiki wao kwa siku kadhaa kwenye shamba la farasi huko Fincastle, Virginia. Watu walipiga kambi, na jukwaa likinyamaza waliendelea kupiga wenyewe kwa wenyewe. Hilo lilikuwa tamasha. Jihadhari tu na ngeli: katika Kiswahili sanifu ni tamasha hili, matamasha haya, si "tamasha hii".

Na mkereketwa? Mpenzi wa blugrasi lingetosha, na shabiki lingeeleweka, ingawa linanukia mpira kidogo. Mkereketwa tumelizoea zaidi kwenye siasa, kwa mtu anayeumia chama chake kikisemwa vibaya, asiyeweza kukaa kimya jambo lake likitajwa. Mtu anayelala kwenye hema ili asubuhi awahi nafasi ya mbele, na akirudi anawaandikia watu wa Tanga habari za mandolini, amelistahili. Liache kama lilivyo.