Hesabu madoa ya mwanao, kisha mpeleke akapimwe macho

Juzi usiku dada mmoja wa Pongwe kanitumia picha ya mgongo wa mwanawe. Umejaa madoa ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yake kaandika: "Wananiambia ni mabaka ya kuzaliwa, nisihangaike." Usingizi ukapaa. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, hapahapa Ngamiani, Tanga, na nikayaamini, kumbe yalikuwa dalili ya ugonjwa unaoweza kumpofusha mtoto.

Binti yangu alizaliwa na madoa mawili. Alipotimiza mwaka yakafika tisa. Mama mkwe akasema nilijikuna mwezi ulipopatwa, nikiwa na mimba. Wifi yangu alisema makubwa zaidi, na bado ninayo moyoni. Hakuna aliyemtazama mume wangu, ambaye ana madoa yaleyale kifuani na vinundu laini mikononi tangu ujana wake.

Siku ya Idi, mtoto akiwa na miaka mitatu, nilikuwa nampaka wanja. Ukamchirizika. Nikaziba jicho la kushoto kwa kitambaa nimfute, akatulia, akaendelea kuchezea bangili zangu. Nikahamia la kulia, akapiga kelele na kuung'ang'ania mkono wangu autoe. Nikarudia. Kushoto, kimya. Kulia, kilio. Mwanangu alikuwa akiona kwa jicho moja, na hajawahi kulalamika hata siku moja, maana hakujua kwamba watu huona kwa mawili.

Kituo cha kwanza nilichokwenda wakaniambia ni kengeza, litaondoka lenyewe. Miezi minne ikapotea hapo. Sijasamehe. Daktari wa macho aliyefuata alimmulika tochi kila jicho kwa zamu, akatazama nyuma ya jicho, kisha akamwinua gauni akaanza kuhesabu madoa kwa sauti. Wiki ile tulikuwa Dar kwenye MRI, kipimo cha sumaku kinachopiga picha za ndani ya kichwa. Uvimbe ulikuwa kwenye neva ya jicho la kushoto, ile inayopeleka picha kwenye ubongo.

Ugonjwa unaitwa nyurofibromatosisi aina ya 1. Jeni moja, yaani agizo la urithi ndani ya seli, iliyoko kwenye uzi wa urithi uitwao kromosomu ya 17, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisikue ovyo, inakuwa na kasoro. Humpata takriban mtu 1 kati ya 3,000. Mzazi mwenye nao, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Na karibu nusu ya wagonjwa hawana mzazi mwenye nao kabisa. Mwezi kupatwa haumo. Kwa watoto hawa, 15 hadi 20 katika kila 100 hupata uvimbe kwenye njia ya neva za macho, wengi wao kabla ya miaka 7.

Alitibiwa kwa kaboplatini na vinkristini, dawa za kuzuia uvimbe usikue. Safari za basi siwachoshi nazo. Uvimbe umesimama, jicho la kulia ni zima, la kushoto halikurudi.

Mama wenzangu, hesabuni madoa! Yakifika sita, kila moja likizidi milimita 5, yaani kama punje ya dengu, msikubali kuambiwa ni mabaka. Tazameni na kwapani, kama kuna vidoa vidogovidogo. Kisha macho, kila mwaka, angalau hadi miaka 8, hata mtoto akiwa anakimbia na kucheka. Narudia: hata akiwa hajalalamika. Na mkiambiwa kuna uvimbe, msizimie. Mwingi hukaa kimya miaka na miaka, ukifuatiliwa tu bila dawa. Mkitajiwa tiba ya mionzi, ulizeni mara mbili, kwani kwa watoto wa ugonjwa huu huepukwa: inaweza kuleta uvimbe mwingine na kuharibu mishipa ya damu ya ubongo.

Dada wa Pongwe, kwenye picha yako nimehesabu saba, na huo ni mgongo peke yake. Nenda kesho asubuhi. Nenda na baba yake pia, naye avue shati mbele ya daktari.