Vamoose maana yake nini na imetoka wapi

Vamoose kwa Kiingereza ni kuondoka chapchap, kutimka, na ukiambiwa wewe basi ni kama umeambiwa toka hapa, potea. Asili yake wala si Kiingereza, ni Kispania, vamos, yaani twendeni, Wamarekani waliokuwa wanachanganyika na Wamexico kule Texas na kusini magharibi miaka ya 1830 wakaidaka wakaitamka wanavyojua wao, ndo maana mwisho inasikika “muus”. Kinachochekesha ni kwamba Kispania msemaji naye anaondoka, ila Kiingereza unafukuzwa peke yako. Cheki kamusi ya Merriam-Webster, wanaitaja hiyo vamos. Ila ni ya utani na imezeeka kidogo, kwenye barua ya kazi usiiweke, andika tu leave.