Zima Maiki, Ndugu Yangu

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nasikia na wewe unafanyia kazi nyumbani. Unawezaje, na mke, watoto na mama mzazi wote wamo ndani?" Ujumbe huo niliusoma nikiwa chooni, maana ndicho chumba pekee chenye kitasa kinachofanya kazi nyumbani kwangu. Jibu fupi ni kwamba siwezi. Lakini umeuliza kwa heshima, na lile lililonipata bado linanikereketa kooni, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya malori. Mizigo inatoka bandarini Dar, inapanda hadi Tunduma, inakatiza Zambia, inaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa na kuishia Lubumbashi au Kolwezi. Kitengo changu ni mafuta: lori limejaza lita ngapi, limetembea kilomita ngapi, na dereva anaielezaje tofauti. Ofisi ilipohamia jengo dogo ili kubana matumizi, viti vikawa haba, ikaamuliwa watu wa hesabu wafanyie kazi nyumbani kila Jumanne na Alhamisi. Wakubwa waliuita mpango huo "maboresho". Nikafurahi, nani asiyefurahi kuikwepa foleni ya Buguruni? Chai ya tangawizi pembeni, shati la ofisini juu, msuli chini. Nikaona sasa nimefika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, kikao cha robo mwaka, saa nne asubuhi. Kwenye kioo wapo Dar, Lusaka na Lubumbashi. Na niseme bila kujisifu, ingawa najisifu, nilikuwa nimebeba jambo zito. Kwa wiki tatu nililala saa saba usiku nikilinganisha risiti za mafuta na vile vifaa vinavyopima dizeli ndani ya matanki. Nikakuta malori manne ambayo risiti zake zinaonyesha dizeli nyingi kuliko inayoweza kuingia kwenye tanki hata ukiisukuma kwa mguu. Tena nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi. Sote tunaosoma hapa tunajua nafasi ikiwa wazi maana yake nini. Ni bati za ile nyumba ya Chanika iliyoishia kwenye lenta, na ni ada inayolipwa kabla mwalimu mkuu hajapiga simu.

Nikaanza vizuri. Lori la kwanza nikalimaliza, la pili nikalishika shingo. Ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka sebuleni.

"Baba! Huku ukutani kuna kitu kinalia kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake!"

Nikajua. Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inalia kwamba uniti zinakwisha. Na betri ya kompyuta yangu ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Umeme ukikatika ruta inazima, kompyuta inazima, na nafasi ya mkuu wa kitengo inazima nayo. Mke wangu ni muuguzi, alitoka zamu ya usiku asubuhi ile na alikuwa amelala usingizi wa kufa. Dada alikwenda sokoni. Watoto shule. Mimi mwenyewe siwezi kusimama, kamera iko wazi na mnakumbuka habari ya msuli.

Mkurugenzi akauliza swali kwa Lusaka, nikapata upenyo. Nikabonyeza kitufe cha kuzima maiki. Kompyuta ikajivuta, nikabonyeza tena kwa hasira. Sasa wewe mwenye akili umeshaelewa: ilizima, halafu ikawaka. Mimi sikuelewa. Nikanunua umeme wa elfu kumi kwa simu chini ya meza, ujumbe ukaingia na zile namba zake 20, nikapaza sauti kuelekea sebuleni.

"Mama! Bonyeza ninavyokutajia! Nne, nne, saba, moja!"

"Ngoja nivae miwani."

"Mama, haraka!"

"Haraka gani, umeme wenyewe si bado unawaka? Haya. Nne."

"Nne, nne, saba, moja!"

"Nne nyingine au ni hiyo hiyo uliyosema?"

Tukaenda hivyo. Mama yangu ni mwanamke wa Lushoto, kila namba aliipokea, akaipima, akanirudishia kwa sauti kama anahesabu viazi vya watu kwenye gunia. Tulipofika ya kumi na sita mashine ikakataa, tukaanza upya. Mara ya pili nilikuwa napiga kelele za mnada. Tulipomaliza ikalia kwa furaha, mama akasema "Alhamdulillahi, imekubali!" na mimi nikajibu "Alhamdulillahi!" Nikageukia kioo nikikunjua shati.

Kikao kizima kimya. Nyuso kumi na moja zinanitazama. Kisha mwenzetu wa Lubumbashi, mtu mwadilifu sana wa kazi, kalamu mkononi, akasema kwa upole:

"Patron, rudilia ya mwisho. Ilikuwa saba ao moja? Niko naandika."

Hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Lusaka wakauliza kama hizo ni kwacha. Mkurugenzi akacheka mpaka akazima kamera yake, halafu akasema muda umekwenda, tuhamie ajenda inayofuata. Malori yangu manne yakabaki barabarani.

Muhtasari wa kikao ulipotoka, ajenda ya nne ilisomeka hivi: mhasibu wa mafuta aliwasilisha takwimu yenye tarakimu 20, kikao kiliagiza ihakikiwe. Na namba yenyewe imeandikwa pale, yote, bila kosa. Nimewahi kupeleka hesabu za mwaka mzima na hakuna aliyezinukuu kwa usahihi wa namna hiyo.

Tangu siku ile naitwa Bwana Luku. Mlinzi wa getini ananiuliza, "Bwana Luku, uniti zipo?" Madereva walioko Ndola, ambao hawajawahi kuniona, wanajua. Na ile nafasi alipewa kijana mmoja. Simsemi vibaya, ni kijana mzuri, hana mtoto, hana mama sebuleni, na nyuma yake kikaoni kuna picha ya maktaba ya mbao ambayo ukweli si yake. Yuko kwenye chumba kimoja Sinza. Lakini nani alimfundisha kusoma risiti za mafuta? Tuyaache.

Sasa ushauri, maana ndio uliouliza. Zima maiki. Usibonyeze tu, tazama ile alama kama imepigwa mstari. Ukishatazama, tazama tena. Usibonyeze mara mbili kwa hasira, kompyuta haina habari na hasira zako. Kabla hujamjibu mtoto, zima maiki. Kabla hujamwita mtu kwa jina lake la utani, zima maiki.

La pili ni umeme. Kikao ni saa nne, umeme ununuliwe jana. Na usinunue wa kubahatisha, kwani tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku. Unaweza kununua ukadhani umejaza debe kumbe ni nusu kikombe. Nunua mapema, halafu uzime maiki.

La tatu, zungumza na watu wako wa nyumbani. Hili nalisema kwa uchungu. Wengi wetu, hasa sisi wanaume, tunamwambia kila mtu ratiba yetu isipokuwa wale tunaolala nao nyumba moja. Mkurugenzi alijua nina kikao saa nne. Mtu wa Lubumbashi alijua. Mama yangu, aliyekuwa hatua sita kutoka kwangu, alidhani naangalia mpira wa marudio. Wenzangu, tubadilike! Familia haiwezi kuheshimu kazi ambayo haijui ni kazi. Kwao kazi ni mtu kutoka asubuhi na kurudi amechoka. Ukikaa kwenye kiti na msuli ukizungumza na kioo, wewe uko nyumbani, na aliye nyumbani anatumwa.

Nikishaanza kuhubiri hivi mke wangu huwa ananikumbusha habari ya simu ya mtoto wetu wa kwanza, kwa hiyo niiseme mwenyewe kabla hajaiandika hapo chini.

Kazini nafuatilia malori. Kila lori lina kifaa, nalo ni nukta kwenye ramani. Nikiwa Tabata najua lori fulani limesimama Kitonga dakika kumi na tisa, na najua limezima injini. Nikasema, kama naweza kumwona dereva wa miaka hamsini akinunua vitunguu njiani, nitashindwaje kumwona mwanangu wa miaka kumi na sita? Nikamweka kwenye ramani. Jumamosi moja nukta yake ilikaa tuisheni Segerea kuanzia saa mbili hadi saa nane, haikutikisika. Nikamsifia kwa mama yake, nikamsifia kwenye grupu la ukoo, shangazi zake wakatuma maua na mikono ya dua. Saa tisa nikaenda kinyozi, na ninapopita uwanjani namkuta kijana yupo golini, jasho mpaka magotini, ameshafungwa matatu. Simu alimpa rafiki yake aende nayo. Kwa hiyo simu ndiyo iliyosoma. Ilihudhuria kwa bidii, saa sita nzima, na ninaamini kama mtihani ungefanywa na simu tungepata daraja la kwanza.

Kibaya zaidi, ujanja huo ninaujua. Madereva wetu walishawahi kukichomoa kifaa na kukipandisha kwenye lori la mwenzao. Nilikaa na kijana nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Kwako baba, ulikuwa unamsimulia mama." Maiki tena hiyo, japo ya aina nyingine.

Kumbukeni pia Jumapili ile ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazimia nchini. Ramani yangu ikaganda, malori yote yakasimama pale pale kama picha ya harusi. Mkubwa mmoja kazini akachanganyikiwa, akaamuru tupige simu kwa kila dereva, mmoja mmoja. Nikampigia wa kwanza. "Uko wapi?" Akajibu, "Niko Kitonga, bosi. Na wewe uko wapi?" Hakuna dereva aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukazungumza dakika kumi na mbili. Nikajua ana mtoto mchanga, nikajua breki za nyuma zinamsumbua na alisharipoti mara mbili. Kwenye ramani nukta yake ilikuwa ya kijani siku zote.

Sisemi turudi kwenye barua za kupelekwa na kondakta. Mimi mwenyewe siku ya tatu bila intaneti nilikuwa naizunguka ruta kama kuku anayetaka kutaga. Ila nasema, mpigie mtu. Na ukimaliza, hakikisha umekata.

Sasa turudi kwenye aibu yangu, maana Alhamisi iliyopita walinipa nafasi nyingine. Dakika kumi, malori manne, nyaraka zote. Safari hii nilijipanga kama mtu anayekwenda kuoa. Umeme ulikuwa umenunuliwa tangu Jumatatu. Suruali nilivaa. Mlangoni nilibandika karatasi, na mama nilimweleza kwa kituo kwamba baba watoto ana kazi na kazi yenyewe ni kuongea na kioo. Simu nikaifungia kwenye droo isinisumbue. Nikafungua jedwali langu likajaa kioo kizima, nikavuta pumzi, nikazungumza. Jamani nilizungumza! Tarehe, risiti, ujazo wa tanki, kituo kilichotoa mafuta, mlinganyo wa kilomita. Sikugugumia hata mara moja. Nilipomaliza nikalipunguza jedwali nipokee maswali.

Walikuwa wako kwenye ajenda ya sita, matairi.

Nikafungua droo. Simu ina ujumbe kumi na nne. Wa Lubumbashi ndiye alinihurumia zaidi: "Patron, tunaona kinywa tu. Sauti haina." Nikatazama ile alama. Ilikuwa imepigwa mstari, mwekundu, safi kabisa.

Mlango ukafunguka taratibu. Mama ameshika kikombe cha chai, miwani iko kwenye paji la uso. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango muda wote, hataki kunisumbua.

"Nimesikia yote, baba," akasema. "Umesema vizuri. Lakini hayo malori manne, ile mara ya kwanza, waliyaamuaje?"

Nikafungua ule muhtasari wa kwanza kumtafutia. Namba ya luku ipo. Malori hayamo.