Jibu: Barabara kuchimbwa mara mbili, maji kisha intaneti

Mkuu, umeuliza kwa nini halmashauri haipangi bomba la maji na nyaya za intaneti vichimbiwe pamoja. Tatizo hela hazitoki mfuko mmoja. Hapa Tanzania maji ya vijijini tangu 2019 yako RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, mawasiliano ya maeneo yasiyo na faida kwa kampuni za simu husukumwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na barabara za wilaya ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Halmashauri hapo ni mwenyeji tu, tena mara nyingi mwenyeji asiyepewa taarifa.

Pa kubana ni TARURA, maana anayetaka kukata barabara yao anatakiwa awe na kibali. Diwani wenu adai kila kibali kitaje bomba la maji limepita wapi na kwa kina gani. Bomba la plastiki lililozikwa bila mkanda wa tahadhari juu yake, kijana wa sururu halioni mpaka maji yamrukie usoni! Dai pia mtaro ukiwa wazi litandikwe bomba tupu la kupitishia nyaya baadaye.

Suala hili lipelekeni Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, mkisubiri Mei bajeti imeshafungwa.