Vigo iliyoinuliwa inchi 2 na tairi za 285/70R17: zinaingia, ila si hivihivi

Mkuu, umeuliza hivi: Hilux Vigo yako umeiinua inchi 2, iko na tairi za 265/65R17 (upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana, rimu inchi 17), unataka kuweka 285/70R17, na fundi kakwambia gari ikishapanda basi tairi yoyote inaingia. Ya kwangu ni Vigo hiyohiyo, inapiga kazi Ifakara na Mlimba, na hizo tairi ndizo zimefungwa. Fundi wako kasema nusu ya ukweli.

Kuinua kunakupa nafasi ya juu, kati ya tairi na madigadi. Tabu haitokei huko. Tabu inatokea ukikata usukani hadi mwisho: upande mmoja wa tairi unakwenda kuchuna kona ya chini ya bampa, na upande mwingine unarudi nyuma kutafuta kile kikono cha chasi kinachobeba bodi, pale mbele ya mlango wa dereva. Kikono hicho hukisogezi kwa springi hata uinue gari futi nzima. Tena Vigo ukiinyanyua mbele bila kuigusa alaimenti, tairi inarudi nyuma kidogo, yaani inazidi kukisogelea.

Sasa hesabu. 265/65R17 ina kipenyo cha kama milimita 776, 285/70R17 kama 831. Nusu ya tofauti ni milimita 27, na hicho ndicho kimo unachoongeza chini ya difu ya nyuma. Watu wengi hawalioni hili: springi na shokapu ndefu zinanyanyua bodi na chasi, lakini difu ya nyuma imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Inchi 2 zako hazijaiinua hata milimita moja. Masika kule kwetu, matrekta na malori yakishachimba mifereji miwili, pikapu haikwami kwa sababu bodi iko chini. Inakwama difu ikikalia tuta la katikati na magurudumu yakabaki yanazunguka kwenye uji. Kwa hiyo hamu yako ya tairi kubwa ina msingi kabisa, hata kuliko hiyo ya kuinua.

Kabla hujalipia tairi tano, pamoja na spea, mwombe muuzaji akufungie moja ya mbele kwa majaribio. Chukua chaki, paka mabega ya tairi yote, ndani na nje, hadi yawe meupe. Tafuta mahali penye kituta, pandisha gurudumu hilo ili shokapu ibonyee, kata usukani mpaka mwisho, nenda mbele taratibu, kisha rudi rivasi. Fanya kushoto na kulia. Rivasi usiiruke, maana kuna sehemu zinaguswa ukirudi nyuma tu. Halafu zima gari, lala chini na tochi ya simu, uone chaki imehamia wapi. Yangu iliacha alama kwenye plastiki ya ndani nyuma ya bampa, na mstari mwembamba kwenye ule mshono wa bati mbele ya mlango. Kikono chenyewe kilipona, kwa nafasi ya kupitisha kidole tu.

Plastiki inakatwa kwa kisu au inapashwa moto na kusukumwa. Mshono wa bati unalazwa kwa nyundo, kisha upake rangi siku hiyohiyo, kutu haingoji. Lakini kabla ya yote hayo nenda kwa mtu wa alaimenti anayejua kazi. Wishiboni za chini za Vigo, ile mikono inayoshika gurudumu, zina bolti zenye kamu, yaani ukizizungusha zinasogeza mkono. Akizizungusha vizuri gurudumu linasogea mbele milimita kadhaa. Linaiacha chasi na kulisogelea bampa, na bampa ni plastiki, utalikata bila dhambi. Usukani nao utaacha ile tabia ya kutangatanga ambayo gari nyingi zinapata zikishainuliwa. Mtu akikwambia dawa ni kukata kikono cha chasi na kuchomelea bati, ondoka kwanza, hasa kama karakana yake ni chini ya mwembe.

Rimu zako za kiwandani za inchi 7.5 zinabeba 285, ila ndiyo mwisho wake kwa wembamba. Zile rimu za kutokeza nje na spesa, vile vipande vya kusukuma gurudumu nje, mimi sizipendi. Tairi ikitoka nje inapiga duara kubwa zaidi ukikata kona, kwa hiyo inagusa zaidi, na beringi za magurudumu zinalipa gharama ya urembo.

Dashibodi nayo itaanza kukudanganya kwa asilimia 7. Ikisema 50, hesabu inakupa 53.5, na ukikutana na tochi ya trafiki kwenye kijiji cha 50 utaanza kujieleza. Pima kwa GPS ya simu upate tofauti halisi, maana mita za kiwandani kwa kawaida zinasoma juu kidogo. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: oili ya kila 5,000 unakuwa umeimwaga karibu na 5,350.

Nguvu utaisikia. Ni kama difu ya 4.1 imegeuka 3.8, na tairi zenyewe ni nzito. Mlima Kitonga nikiwa na mzigo, gia niliyozoea kupandia haitoshi tena, nashuka moja. Kushuka ndiko kwa kuangalia zaidi: breki ni zilezile, tairi ni ndefu na nzito, shuka na gia.

Spea usiibakize ndogo. Ukiifunga nyuma, difu itafanya kazi muda wote kama gari inayokata kona, na ukiweka 4x4 kwenye barabara ngumu utavunja kitu. Hakikisha pia 285 inaingia pale chini ya bodi bila kulalia ekzosi. Ikigoma, ibebe ndani.

Ukiniuliza mimi: kama safari zako ni lami na vumbi, na tope ni la mara mojamoja, chukua 265/70R17. Kipenyo ni 803, upana uleule, dashibodi inapotoka kwa asilimia 3 na kitu, na kwa kawaida hutakata chochote. Unapata milimita 13 chini ya difu badala ya 27. Kama unaishi kwenye tope la mbuga kama mimi, weka 285 na ukubali hayo mengine.

Hujasema injini ni ya lita 2.5 au 3.0, wala unabeba tani ngapi. Lete hayo, maana kwa 2.5 yenye mzigo kila siku ningekushauri uache.