Maji hayakutoka Safa wala Marwa

Assalamu alaykum. Swali lenu la wiki hii, "Mali ikiyumba na watu wakikupa kisogo, kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kufanya nini hasa?", lilinikuta kabla hamjaliuliza. Nauza khanga na vitenge Kariakoo.

Mtaji wangu wote ulikuwa mjomba. Alikuwa na duka la jumla, akinipa mzigo mali kauli: nauza, nampelekea fedha, nachukua mwingine. Alipoacha ghafla, kwa sababu zake, nilijifungia ndani Mbagala siku tisa. Ndugu wakiuliza, najibu, "Nimemwachia Mungu." Haikuwa kweli. Nilikuwa nimenuna. Ulimi unamtaja Mola, moyo unasubiri simu ya mjomba.

Aliyenitoa ndani ni mama mkwe, mtu asiye na maneno mengi. Aliniuliza, "Mwanangu, Bi Hajar alikaa?"

Nabii Ibrahim alipomwacha mkewe huyo na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea wala maji, Bi Hajar alimuuliza kama ni Mwenyezi Mungu aliyemwamuru. Ibrahim akaitikia ndiyo. Bi Hajar akasema: basi hatatupoteza. Jamani, yakini iliyoje! Na mwenye yakini hiyo, maji yalipomwishia, ndiye aliyepanda kilima cha Safa, akashuka, akapanda cha Marwa, mara 7, akiangaza kama ataona mtu. Mbio zile hazikuitia doa tawakkul yake, yaani kumtegemea kwake Mwenyezi Mungu, maana hadi leo mahujaji wanazifuata nyayo zake. Lakini maji hayakutoka Safa wala Marwa. Chemchemi ya Zamzam ilibubujika pale alipokuwa mtoto. Hapo ndipo fikra zangu zinaporudi kila nikifungua duka.

Katika Surat At-Talaq, aya ya 3, Mwenyezi Mungu anasema kuwa humruzuku mja kwa njia asiyoitarajia, na kwamba anayemtegemea, Yeye humtosha. Aya hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu madrasa. Kuielewa, ni mwaka ule.

Nilibeba doti 12 zilizobaki, nikazitembeza mtaani. Karibu kila mlango uliniambia "mwisho wa mwezi". Siku ya nne, nikiwa kituoni nasubiri daladala, mama nisiyemjua aliliona furushi. Akauliza kama naweza kumpatia doti 40 za sare ya shughuli, akatanguliza nusu ya fedha palepale. Mlango wake sikuwahi kuupigia hodi.

Kikoba bado nacheza, na nikikwama naomba msaada kwa watu, dini haikukataza. Kilichobadilika ni pale moyo unapolala.

Idi iliyofuata nilikwenda kumwamkia mjomba. Nilimshika mkono, tukala biriani, tukakumbushana marehemu bibi hadi machozi yakatutoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze biashara nikae naye bila macho yangu kuwa mkononi mwake.