Maji ya kisima yenye chumvi na miche michanga ya matunda

SWALI: Nimepanda miembe, michungwa na miparachichi katika shamba langu la Bagamoyo, si mbali na bahari, nami huimwagilia kidogo kila jioni kwa maji ya kisima cha humo shambani. Mwaka wa kwanza ilistawi, lakini kiangazi hiki majani ya chini yamekauka ncha na kingo, na miparachichi inapukutisha majani ingawa udongo wake ni mbichi. Nimeongeza mbolea bila kuona nafuu. Maji yana chumvi kwa mbali, ila tunayanywa. Je, yaweza kuwa ndiyo yanayoidhuru?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Dalili ulizozieleza zinaelekea sana kwenye chumvi. Tunakusihi kwanza usimamishe mbolea hadi maji yapimwe, kwa sababu mbolea za viwandani zenyewe ni chumvi, na samadi ya kuku pia inayo kwa wingi.

Chumvi inapozidi katika udongo, maji huwapo lakini mizizi hushindwa kuyavuta, na ndiyo sababu mche hunyauka juu ya udongo mbichi. Wakati huohuo kloridi na sodiamu, ambazo ndizo viambato vya chumvi, hupanda pamoja na maji hadi majanini, ambako maji hutoka kama mvuke na chumvi hubaki ikijilimbikiza nchani na kingoni, ikianzia kwenye majani ya zamani yaliyoipokea kwa muda mrefu zaidi. Mche mchanga huumia kuliko mti mkubwa kwa kuwa karibu mizizi yake yote imo katika tabaka la juu, ambalo ndilo linalokaushwa na jua.

Ulimi hautoshi kuwa kipimo. Wataalamu hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwani yenye chumvi nyingi huupitisha zaidi, na kipimo chake ni desisimensi kwa mita: chini ya 0.7 maji hayana tatizo kwa mazao mengi, kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya hapo hayaifai miti uliyoitaja. Mchungwa huanza kudumaa chumvi ya udongo inapopita takriban 1.7, mparachichi hata kabla, kama 1.3, ilhali mtende huvumilia hadi 4.0. Peleka maji, pamoja na udongo wa penye mizizi, kwenye maabara ya udongo kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, kwani kisima cha pwani hubadilika. Maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari, na kwa kila mita 1 yaliyoinuka juu ya usawa wa bahari huwapo takriban mita 40 chini ya usawa huo. Pampu inapoyashusha kwa muda mrefu, maji ya chumvi hupanda. Kwa hiyo usikichimbe zaidi kisima hicho kwa kutumaini maji bora, bali vuta kidogokidogo na uhifadhi kwenye tangi.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni huko kumwagilia kidogo kila jioni. Maji hayo hulowesha sentimita chache tu, jua la kesho huyakausha, chumvi hubaki, na jioni unaleta nyingine juu yake. Ni heri umwagilie kila baada ya siku mbili au tatu, lakini kwa maji mengi, ili sehemu yake ipite chini ya mizizi na kuondoka na chumvi. Ikiwa maji yako yamepimwa 1.5, basi kwa mchungwa takriban ndoo 1 katika kila 5 inapaswa kupita hivyo. Mchanga wa pwani huruhusu jambo hili. Katika udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, mizizi ya mparachichi ingeoza. Weka matandazo mazito yasiyogusa shina, wala usinyunyizie maji majanini, kwa kuwa jani nalo hufyonza chumvi.

Wakulima wengi huacha kumwagilia mara mvua za vuli zinapoanza. Manyunyu ya kwanza huitoa chumvi iliyojikusanya juu na pembezoni mwa kisahani cha mche na kuiteremsha moja kwa moja kwenye mizizi, na miche iliyovumilia kiangazi chote hufa wakati huo. Endelea kumwagilia mpaka mvua iwe imeloweka udongo kwa kina.

Kipimo kikizidi 3.0, maji ya mvua yaliyokingwa paani yapewe miparachichi kwanza, na nafasi zilizo wazi zipandwe minazi au mikomamanga.

SWALI: Jirani amenishauri niweke majivu au jasi kwenye mashimo ya miche ili kuua chumvi. Je, nifuate?
Msomaji, Mkuranga

JIBU: Majivu usiweke kabisa, kwa sababu yana chumvi zake na huongeza alkali katika udongo. Jasi, madini meupe yenye kalsiamu, husaidia pale tu ambapo sodiamu imeugandisha udongo hata maji yakasimama juu yake bila kuzama. Haiondoi kloridi, na hata sodiamu inayoibandua huhitaji maji mengi ya kuishusha chini. Kwenye mchanga unaopitisha maji vizuri, fedha ya jasi inunulie tangi la maji ya mvua.